Neno la Kumtoa Kaka Mtaroni

Niliwahi kutangaza msiba ambao haukuwepo. Niliutangaza asubuhi ya mvua, nikiwa kwenye kiti changu cha kazini pale Mirongo, chai yangu haijapoa, na niliutuma kwa timu nzima kwa mkupuo mmoja. Tangu siku ile kuna mafundi wanaonisalimia kwa mbali, na siwalaumu. Ningekuwa wao, hata mimi ningejiogopa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Si mwoga wa mende wala wa giza, hivyo navimudu. Naogopa vitu ambavyo bado havijatokea. Nikimwona mtoto kashika kijiti, mimi nimeshamwona katobolewa jicho. Nikisikia pikipiki imefunga breki nje, naanza kujiuliza nani wa nyumbani yuko wapi saa hizi. Mama anasema nilizaliwa siku ya radi, ndiyo maana. Kaka yangu anasema mama ananitafutia sababu tu. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, na nadhani niliipenda kwa sababu jengo la kwenye karatasi haliwezi kumwangukia mtu.

Ofisi yetu ni ndogo. Mwenye ofisi ni msanifu majengo wa siku nyingi, na sote tunamwita Mzee, hata wanaomkaribia umri. Injinia wetu ni mama wa makamo anayepiga hesabu za nondo na zege na ambaye hajawahi kupandisha sauti mbele ya mtu. Mimi nachora. Kaka yangu, tumbo moja, ndiye fundi mkuu, yaani ninachokichora mezani yeye anakisimamisha ardhini. Halafu yuko mtunza stoo, anayekaa saiti na saruji na makoleo, na ambaye ndiye mwenye dhamana ya kishikwambi cha ofisi.

Mwanzoni tulikuwa na grupu la kwenye simu. Ramani ikitumwa humo asubuhi, mchana imeshafunikwa na picha za harusi, video za mahubiri na mtu anayeuza kuku wa kienyeji. Mteja mmoja mkubwa akasema hawezi kufanya kazi hivyo, anataka kila kitu kihifadhiwe mahali panapoeleweka. Tukafungua anwani moja ya barua pepe. Ukituma pale, inawafikia wote, na yeye mteja akiwemo.

Hapo ndipo shida ya vichwa vya barua ilipoanza. Wenzangu waliandika kama walivyolelewa. Nani kati yetu kafundishwa kuingia nyumba ya mtu akiwa ametanguliza shida yake mlangoni? Unabisha hodi, unasalimia, unaulizia watoto, unaulizia mvua, na ng'ombe kama wapo, ndipo unasema kilichokuleta. Basi na barua zikawa hivyohivyo. "Shikamoo Mzee." "Habari za asubuhi." "Mwangaluka." "Poleni na majukumu." Ukiifungua, ramani iko huko chini baada ya salamu, na habari mbaya iko chini ya ramani, kwenye mstari wa mwisho kabla ya "Mungu awabariki."

Wakati fulani Injinia alituma barua yenye kichwa "Heri ya Idi kwa ndugu zangu wote." Ndani, baada ya dua nzuri kabisa, alisema nondo za nguzo za nyumba moja ya Pasiansi ziongezwe unene. Mimi niliifungua kwa sababu napenda kusoma salamu za Idi. Wengine waliiacha mpaka sikukuu ilipokwisha. Zege lilikuwa halijamwagwa, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na ofisi nzima ilichukulia kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaiona ghorofa ya juu ikishuka na watu wake wakiwa mezani.

Nikamwendea Mzee. Nikamwambia kila barua ianze na neno moja kwenye mabano, kwa herufi kubwa, ili mtu ajue imebeba nini kabla hajaifungua. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Lete hayo maneno tuyaone."

Tulikaa wote kwenye meza kubwa, chapati katikati. Maneno ya mwanzo yalipita vizuri. RAMANI kwa ramani mpya. BADILIKO kwa kilichobadilika kwenye ramani ya zamani. SWALI, na UAMUZI. Hata salamu niliipa mabano yake, SALAMU, kwa kuwa nilijua nikiikataza wataniona sina adabu. Hiyo waliipenda kuliko zote. Mtunza stoo alisema sasa nimeongea jambo la maana.

Lililobaki lilikuwa neno la kumfanya mtu aache anachokifanya. Hilo ndilo lililonileta pale, mengine yalikuwa ya kusindikiza.

"Si uandike SIMAMA," kaka alisema akiwa na chapati mdomoni.

Mzee akavua miwani. "Nani anamwambia nani asimame?"

"Yeyote anayeona hatari, Mzee," nikasema.

"Yaani mtoto wa juzi ananiandikia mimi SIMAMA. Kama trafiki."

Tulicheka, naye akacheka, lakini nilijua neno hilo limeshakufa. Injinia akapendekeza HATARI. Mzee akamkumbusha kwamba mteja naye anazipata barua hizi, na akisoma HATARI asubuhi, jioni atakuwa na kampuni nyingine. Tukajaribu HARAKA, tukakubaliana kwamba kwetu kila kitu ni haraka. Tukajaribu DHARURA, na kaka akauliza mtunza stoo ametuandikia dharura mara ngapi, ikawa sukari ya chai imekwisha.

"Sasa sukari si dharura?" mtunza stoo akajitetea. "Nyie hamkai saiti."

Mwishowe Injinia, kwa sauti yake ileile ya chini, akasema, "Tuseme TAFADHALI TUSUBIRI. Ina heshima, na ujumbe unakuwa umefika." Mzee alifurahi mpaka akajiongezea chapati. Nikaliandika. Nilijua kwamba mtu aliye chini ya jabali akiambiwa tafadhali tusubiri atadhani anasubirishwa chai, lakini sikusema kitu. Nilikuwa nimeshasema sana siku ile, na kaka alikuwa ameanza kunitazama kwa lile jicho lake la "umeanza."

Kazi kubwa tuliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa Mabatini. Nyuma ya jengo la yule mteja mkubwa kuna mteremko mkali, na tulitakiwa kujenga ukuta wa kuuzuia udongo usiteremke. Ili kuujenga ukuta wa namna hiyo, lazima kwanza uchimbe mtaro wa msingi palepale chini ya mteremko. Mtu anaingia humo mpaka kichwa kinazama, na kilima chote kimemwinamia mgongoni. Mtaro ule niliuchora mimi. Kila nilipokaa kuuchora nilimwona kaka ndani yake, maana kaka si mtu wa kusimama juu na kunyoosha kidole. Anavaa mabuti, anaingia na wenzake.

Simu yake huiacha stoo, kwa kuwa ya kwanza ilimponyoka ikazikwa kwenye zege na mpaka leo iko ndani ya nguzo ya watu. Mtunza stoo ndiye anayechungulia barua. Anasoma vichwa, akiona chenye uzito anamwita kwa sauti. Na kaka ana tabia moja ambayo wateja wanampendea: hapandi juu mpaka amalize kipande alichokianza. Hata kula hali. Atasema, "Namalizia," na utasubiri.

Basi ilikuwa msimu wa mvua. Ilikuwa imenyesha usiku na mchana, kisha asubuhi ile ikapumzika, na kaka akaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kusogeza kazi. Injinia alikuwa amepita saiti jana yake akapiga picha, na asubuhi hiyo alikuwa safarini kwenda Sengerema kwenye kazi nyingine. Barua yake ilinifikia nikiwa ndio nimejimiminia chai. Kichwa chake kilikuwa: "[TAFADHALI TUSUBIRI] Shikamoo Mzee, na poleni wote na mvua."

Ndani alikuwa ameandika kwamba ameziangalia tena picha za jana. Juu ya mteremko kuna ufa ambao hakuuona vizuri akiwa pale, na udongo umeshiba maji. Anaomba kwa heshima kabisa mtu yeyote asiingie mtaroni mpaka kingo zizuiwe kwa mbao. Akamaliza kwa kusema yuko kwenye kivuko, mtandao ukikata tumsamehe.

Nililisoma neno ufa mara mbili. Nikampigia Injinia, hapatikani. Nikampigia Mzee, hapatikani, nikakumbuka yuko Pasiansi kwenye kikao na mteja, na Mzee huzima simu akiwa mbele ya mtu kwa sababu anaamini simu ikilia mbele ya mgeni ni matusi. Nikampigia mtunza stoo. Yeye akapokea.

"Umeiona barua ya Injinia?"

"Nimeiona, dada. Imesema tafadhali tusubiri. Nimemfikishia bosi."

"Akasemaje?"

"Kasema haina shida. Anamalizia kipande kilichobaki, halafu wanasubiri."

"Umemsomea yote? Umemwambia habari ya ufa?"

"Nimemsomea kichwa, dada. Ndani maneno ni mengi, na bosi hapendi kupigiwa kelele akiwa shimoni."

"Kamsomee. Mwambie nimesema atoke sasa hivi."

Nikamsikia akitembea kwenye tope. Nikasikia koleo likigonga jiwe, nikasikia anaita, nikasikia sauti ya kaka kutoka chini, haieleweki. Halafu wanaume wakacheka.

"Dada, anasema usiwe na wasiwasi," mtunza stoo akarudi. "Anasema wewe toka utotoni uko hivyo."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka moto. Niliogopa pia, na siwezi kusema kipi kilikuwa juu ya kipi. Maisha yangu yote nimepiga kelele za hatari ambazo hazikuja, na sasa nilikuwa nazilipia. Nikainuka, nikachukua mwavuli. Kutoka Mirongo hadi Mabatini si mbali. Lakini nilijiona nimefika, nimelowa, nimesimama ukingoni namfokea kaka yangu mkubwa mbele ya watu wake, naye ananijibu kwa upole, "Nimekusikia, mdogo wangu, namalizia." Ndivyo ambavyo angejibu. Nimekula naye sahani moja, namjua.

Mvua ikaanza tena juu ya bati. Nikakaa.

Nikajiuliza kwa hasira, hivi ni kichwa gani cha barua ambacho watu hawa, hawahawa, hawajawahi kukipuuza? Jibu lilikuja upesi, nikalisukuma, likarudi. Miezi michache nyuma baba mkwe wa fundi mmoja alifariki. Barua ilikuja na neno moja ambalo hatukulikalia kikao, hatukulijadili kwa chapati, na ambalo kila mtu analijua: TANZIA. Kabla sijamaliza kuisoma, kule saiti mashine ya zege ilikuwa imeshazimwa. Watu waliacha makoleo yamesimama kwenye mchanga, wakanawa, wakaondoka. Kaka alikuwa amefika katikati ya kipande. Alikiacha.

Nikaandika TANZIA. Vidole vilikuwa vya baridi kama nimetoka kufua. Mama alitulea na neno uchuro. Kujifunika shuka jeupe mpaka usoni ni uchuro. Kucheza mchezo wa kuzikana ni uchuro. Kusema "nikifa" wakati wa kula, utanyanyuliwa na sahani yako. Na mimi, mtoto aliyelelewa hivyo, nimekaa na macho makavu nakiita kifo kazini kwa herufi kubwa.

Ndani niliandika: "Ndugu wote, acheni kazi mara moja mje ofisini Mirongo. Taarifa kamili mtaipata hapa." Jina sikuweka. Nilijaribu kubuni mjomba asiyekuwepo duniani, nikashindwa, nikahisi yuko mjomba wa mtu mahali fulani atakayedondoka. Nikaliacha wazi. Kisha nikaogopa zaidi, maana nafasi iliyoachwa wazi inaweza kujazwa na yeyote. Nikatuma kabla sijafuta.

Simu ikalia palepale.

"Dada," mtunza stoo alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni nani?"

"Wametoka mtaroni?"

"Wametoka, wananawa. Dada, ni nani?"

"Wametoka wote?"

"Wote. Kaka yako ameshachukua simu yake. Dada, niambie."

"Njooni," nikasema, nikakata. 

Nilidhani nitawacheka kidogo watakapofika, niwaambie jamani poleni, ilibidi. Nilikuwa sijaifikiria njia ya kuja hapo. Mtu aliyeambiwa kuna msiba bila kuambiwa wa nani, unadhani anatembeaje? Waliingia na tope mpaka mapajani, kofia mikononi, mmoja akiwa amebeba koleo bila kujijua. Kaka alikuwa mbele. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo myeupe.

"Ni mama?" aliniuliza. "Nimempigia hapokei. Niambie tu kama ni mama."

"Mama mzima."

"Ni nani basi?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nilitaka mtoke mtaroni."

Hakuna aliyeelewa mwanzoni. Ilibidi nirudie. Fundi mmoja wa makamo akasema astaghfirullah, akageuka akatoka nje akasimama mvuani. Kaka hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, na tope lake lote.

"Unajua nimetembeaje?" alisema. "Nimewazika wote. Nimemzika mama, nikakuzika wewe, nikazika wanangu mmoja mmoja. Kutoka Mabatini mpaka hapa nimemaliza ukoo."

Nikataka kumwambia habari ya ufa. Kabla sijaanza, mama naye akaingia. Alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, ndiyo maana hakupokea simu, na kaka alikuwa amempigia jirani akamwambie mama kuna msiba kazini. Jirani akamwambia kama alivyosikia, nusunusu. Mama alipanda pikipiki kwenye mvua, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulia, kandambili mguu mmoja. Alitushika vichwa, mimi na kaka, akatupapasa mabega na mikono kama anatafuta tulipovunjika.

"Kafa nani?" akauliza.

Kaka akanielekezea kidevu. Nikamweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Futa."

"Mama, haifutiki. Imeshawafikia."

"Nimesema futa hicho kitu."

"Barua ikishakwenda kwa wote, mama, hairudi."

Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mama yangu. Alikuwa ananiogopa. Akarudi nyuma hatua, akasimama upande wa kaka.

Mzee alifika akiwa amevaa koti jeusi, ambalo sijui alilipata wapi kwa haraka ile, na mteja akiwa nyuma yake ameinamisha kichwa. Walikuwa wamewasha simu kikao kilipokwisha. Mteja alianza kutushika mikono, mmoja mmoja, "Poleni sana, poleni sana," na sisi tukampokea, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuikataa pole. Nilimwamkia Mzee, akaitikia marahaba bila kunitazama, akauliza ni nani aliyetutoka. Nikasema hakuna. Nikasema sababu. Nikamwonyesha barua ya Injinia kwenye simu yangu, naye akaisoma polepole, midomo ikichezacheza.

"Hii nimeiona," alisema. "Nikasema nitaisoma kikao kikiisha. Imeandikwa tusubiri." Akaitazama tena. Kisha akasema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Lakini wewe umemtoa mteja wangu kikaoni kuja kulia marehemu ambaye hayupo. Nenda nyumbani. Kesho usije, mpaka nikuite."

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Kalamu, mwavuli, khanga ninayojifunika kukiwa na baridi. Niliona wazi kwamba nimepoteza kazi, nimepoteza kaka, na mama yangu ananikwepa, na yote hayo kwa ajili ya ufa ambao sijauona kwa macho yangu. Nikaanza kuomba Mungu, na nilichokuwa naomba naona aibu kukisema. Nilikuwa naomba kilima kianguke.

Simu ya mtunza stoo ndiyo iliyolia. Alikuwa ni mama lishe anayewapikia mafundi pale saiti, na ana sauti ambayo haihitaji simu.

"Mko wapi nyie? Shimo lenu limejaa!"

"Limejaa maji?" mtunza stoo akauliza.

"Limejaa kilima!"

Alisema udongo umeteremka wote kwa pamoja, na jiwe moja juu yake. Alisema hata kelele haikuwa kubwa. Alikuwa anaosha sufuria, akainua kichwa, mtaro haupo. Kisha sauti yake ikavunjika akaanza kuwataja mafundi kwa majina akiuliza kama wako salama, na mtunza stoo akawa anamjibu, yupo, yupo, huyu hapa, yupo. Alipofika jina la kaka, mama akaketi kwenye kiti changu.

Hakuna aliyenishukuru. Watu wanaponisikia nikisimulia hapa hudhani nilibebwa juu juu. Waliondoka mmoja mmoja, wakipita mbali na meza yangu. Baadaye nilisikia wanachosema: alijuaje? Barua ya Injinia waliiona wote, ufa waliuona wote walipokwenda kuangalia, lakini waliendelea kuulizana nilijuaje, na kwa nini niliutaja msiba kwanza ndipo udongo ukaanguka. Nililala siku nyingi nikijiuliza swali hilohilo, kwa kuwa mimi najua nilichokuwa nakiomba wakati nakunja khanga yangu.

Mzee aliniita kazini baada ya siku chache. Tukakaa tena mezani, safari hii bila chapati. Alisema kwanza TANZIA haitaguswa tena na mtu yeyote mpaka kuwe na maiti. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Lile la mwisho andika SIMAMA. Na chini yake uandike kwamba anayeituma haulizwi umri." Injinia aliinamia karatasi zake, nikaona analia.  Kaka alitikisa kichwa kukubali kama wengine.

Tangu hapo mimi ndiye mlinzi wa maneno yetu. Ofisi nyingine mbili zimekuja kuomba kujua tunavyoyatumia, na huwa naeleza vizuri tu, kwa sauti ya mtu anayejiamini. SIMAMA imetumwa mara chache, na kila mara Mzee hujibu yeye kwanza, "Nimesimama." Ningepaswa kutulia.

Na nilikuwa nimeanza kutulia. Mama alishaanza kunitazama kawaida, na kaka akarudi kunitania. Jumapili moja tulikuwa kwa mama, Pasiansi, tunakula ugali na sato wa kuchemsha. Kaka alikuwa anasimulia kazi mpya anayoianza kesho, ukuta mwingine Mabatini hukohuko, mtaro mrefu kuliko ule. Alikuwa na furaha. Nikaona ni wakati mzuri wa kumuuliza.

"Kaka, siku ile, ingekuwa nimekuandikia SIMAMA, ungetoka?"

 Aliacha kula akafikiri kweli, kama mtu anayetaka kumtendea haki aliyeuliza. Nilijua kabla hajafungua mdomo, na nilitamani nilirudishe swali.

"Nisikudanganye, mdogo wangu," alisema. "Ningemalizia kwanza kile kipande."

Mama, aliyekuwa anapakua, akabaki na upawa mkononi. Kaka akamnyooshea sahani yake, akaomba aongezewe mchuzi.